Khofu si Woga: Jawabu kwa Wanaowalaumu Watoto wa Vitabuni

Limezuka neno miongoni mwa baadhi ya wazee wetu na waalimu wa watoto, nalo ni kuwa vitabu vya hadithi vitokavyo ng'ambo, hasa vile vya mizuka na vya watoto wanaorudishwa katika zama zilizopita, vinawafundisha vijana wetu woga. Hoja yao ni hii: shujaa wa hadithi, wasema, sharti awe shujaa. Lakini ukivifungua vitabu hivi utamkuta mtoto mwenye miwani, mnene kupita kiasi au mwembamba kama ufito, asiyeweza kucheza mpira, anayelia usiku chini ya shuka, anayeogopa giza na ngazi na wenziwe wa shuleni. Mtoto wetu akiyasoma hayo atajifunza nini ila kutetemeka? Mpeni visa vya Antar, wasema. Mpeni visa vya Sayyidna Ali na Khalid bin Walid.

Maneno haya husikika vizuri barazani, na kwa hivyo hayapati wa kuyapinga. Sisi twayapinga. Twayapinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa yana madhara, na madhara yake hayawafikii waandishi wa Marekani wala wa Uingereza. Yawafikia watoto waliolala vyumbani mwetu.

Wala tusizungumze hewani. Na tukishike kitabu kimoja, tukitazame kilivyo, kwani wengi wa wanaovilaumu vitabu hivi wameona jalada tu.

John Bellairs alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, mji unaojulikana kwa majumba yake ya kale. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho The House with a Clock in Its Walls, yaani nyumba yenye saa ndani ya kuta zake. Mji wa Marshall aliutia ndani ya hadithi akaubadilisha jina ukawa New Zebedee. Baada ya hicho alitoa vingine vingi mpaka alipofariki mwaka 1991, na karibu katika vyote mwenye kisa ni mtoto wa namna ile ile: mpweke, msomaji wa vitabu, mwenye khofu. Mwaka 2018 kisa cha ile saa kilifanywa sinema kubwa, na kwa njia hiyo kimewafikia hata watoto wetu ambao hawajapata kukifungua kitabu chenyewe.

Kisa ni cha mwaka 1948. Lewis Barnavelt ana umri wa miaka kumi. Wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari, naye yumo katika basi usiku, peke yake, ananong'ona dua za Kilatini alizofundishwa kanisani, akipelekwa kwa ami yake ambaye hajapata kumwona. Ni mtoto mnene. Shuleni akichaguliwa katika mchezo wa besiboli huchaguliwa mwisho, kama huchaguliwa. Nyumba ya ami ni kubwa na ya ajabu, na ndani ya kuta zake kuna saa inayogonga mchana na usiku, iliyofichwa na mchawi aliyekuwa akikaa humo kwanza, kwa nia ya kuuangamiza ulimwengu mzima.

Sasa sikiliza, msomaji, vipi balaa linavyoingia. Yuko mtoto aitwaye Tarby, kipenzi cha shule nzima, hodari wa kila mchezo. Tarby ameanguka mtini akavunjika mkono, na kwa kuwa hawezi kucheza na wenziwe, huwa pamoja na Lewis. Kwa Lewis siku hizo ni kama sikukuu. Lakini mkono unaanza kupona, na Tarby anaanza kurudi kwa wenziwe, na Lewis anaona kuwa rafiki yake wa pekee anamponyoka. Basi afanye nini? Amwambia kuwa yeye aweza kumfufua maiti. Na usiku wa Halloween, ambao ni tarehe 31 Oktoba, wanakwenda makaburini, na mtoto yule ambaye giza la chumbani kwake lamtosha kumtoa jasho anafanya jambo ambalo watu wazima wenye ndevu wasingelithubutu. Linaloamka kaburini ni mke wa yule mchawi aliyeificha saa.

Je, hapo ni khofu iliyoleta maovu? La. Lewis angeliisikiliza khofu yake angelibaki kitandani, na maiti angelibaki kaburini. Kilichompeleka kule ni haya ya kuonekana mwoga. Ni vile vicheko vya uwanjani. Ni ule utaratibu wa watoto wa kumpima mtu kwa mpira, ambao wakubwa wameupitisha bila kuutazama mara mbili. Halafu, akiisha kulitenda, analificha kwa ami yake siku baada ya siku, na kule kuficha kunaongeza maovu juu ya maovu, kwani yule aliyefufuka anaendelea na kazi yake wakati mtoto amefunga mdomo.

Huyu ndiye mtoto wanayesema anafundisha woga. Sisi twaona anafundisha jambo ambalo baraza zima halijapata kumfundisha mwanawe: kwamba mtoto akichekwa kwa khofu yake, hataacha kuogopa, atatafuta njia ya kuonekana haogopi, na njia hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko khofu mara elfu.

Tazama na mwisho wake. Saa imeonekana katika chumba cha chini ya nyumba. Ami na jirani yao, Bi Zimmermann, ambao ni watu wazima na wenye elimu ya mambo hayo, wamegandishwa kwa uchawi, hawawezi kuinua hata kidole. Aliyebaki ni Lewis. Hakuna aliyemvisha ushujaa mwilini. Yu vile vile, mnene, anatetemeka. Anaiendea saa akaivunja. Kama angelikuwa ni mtoto asiyejua khofu, ukurasa huo ungelikuwa hauna maana yoyote. Mtu asiyeona moto kuwa ni moto, tutamsifu kwa kuupita?

Lugha yetu yenyewe imepambanua mambo haya, lakini sisi tumeyachanganya. Khofu humjia mtu bila ya hiari yake, kama njaa na usingizi. Woga ni pale mtu anapoiacha khofu imwamulie, akamtupa mwenziwe au akaikana haki. Lewis ana khofu tangu ukurasa wa kwanza, nayo haimwachi mpaka wa mwisho. Kumwita mwoga ni kutojua maana ya neno.

Najua nitakayoambiwa hapa, kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiomba kinga na woga katika dua zake. Ni kweli, na hiyo ni hoja yetu kuliko kuwa yao, kwani alilolitaja ni woga. Ama khofu, Qur'ani haikuwafichia hata Mitume. Nabii Musa aliingiwa na khofu alipoziona kamba na fimbo za wachawi wa Firauni; na kabla ya hapo, fimbo yake mwenyewe ilipogeuka nyoka, alikimbia. Musa! Aliyesimama mbele ya Firauni! Haya yamo katika Kitabu tunachowasomesha watoto wetu kila siku chuoni. Basi tunataka vitabu vya hadithi viwe na mashujaa wakavu kuliko Manabii?

Na wazee wetu wa zamani hawakuwa na hamaki hii ya ushujaa. Wao ndio waliosema kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hawaitaji siku hizi barazani. Sijui imepotelea wapi.

Kuna jambo jingine katika vitabu vya Bellairs ambalo ningependa hao wanaotulaumu wakae kitako walisikilize, kwani linatugusa sisi wa pwani kuliko linavyowagusa watu wa Michigan. Ni khabari ya hirizi.

Katika kitabu cha pili cha Lewis, kilichotoka mwaka 1975, mtoto huyu anaonewa na mwenziwe wa shule aitwaye Woody Mingo. Katika sanduku la babu yake inaonekana sarafu ndogo ya kale ya senti tatu. Lewis anaingia akilini mwake kuwa sarafu ile ina nguvu, anaivaa shingoni, akitaraji kuwa sasa atakuwa jasiri, Woody hatamwonea tena. Sarafu kweli ina nguvu, lakini nguvu yake si ile aliyoitaka. Inamwita mzuka mweusi unaomfuata njiani, na mwisho wake inamfikisha kwenye kisima cha shamba lililohamwa, nusura atumbukie. Rafiki yake Rose Rita, msichana mwenye akili anayezijua aina za mizinga ya kale kwa majina yake, ndiye anayeona mapema kuwa kitu kile kinamla mwenziwe, na ndiye anayemnyang'anya.

Na katika kitabu cha mwaka 1983 kuna mtoto mwingine, Johnny Dixon. Mamake amekufa, babake ni mwanahewa aliyekwenda katika vita vya Korea, naye analelewa na babu na bibi. Huyu naye anaonewa na mtoto mkubwa shuleni. Anakutana na mzee mwenye maneno laini anayempa pete, amwambia aivae asiivue, itamkinga. Na kweli inamkinga mara moja! Kisha pete inaanza kudai malipo yake.

Mara mbili, basi, mwandishi yule yule amelirudia jambo lile lile. Mtoto aliyeonewa na asiyepata wa kumtetea hutafuta kitu cha kuvaa, na kitu hicho humtawala. Mimi sijui hotuba ya Ijumaa iliyoieleza hirizi kwa uwazi zaidi kwa mtoto wa miaka kumi. Twasema hirizi ni haramu, twasema ni ujinga, twasema Mtume alikataza, na yote ni kweli. Lakini nani amemweleza mtoto kwa nini mtu huitaka? Huitaka kwa kuwa anaogopa na ameona haya kusema. Anayemwambia, "Wewe mwanamume, huogopi," kisha akakasirika kumkuta na uzi mkononi chini ya kanzu, akumbuke kuwa uzi huo ameufunga yeye.

Tukiyatazama hayo ya Waingereza, mambo ni kama hayo. Katika kitabu cha Lucy Boston cha mwaka 1954 yumo Tolly, mtoto mdogo aliyeachwa na wazazi walio mbali Burma, anayekwenda kukaa kwa bibi mkuu katika nyumba ya kale na kucheza humo na watoto waliokufa kwa tauni kubwa ya mwaka 1665. Katika cha Penelope Farmer cha mwaka 1969 yumo Charlotte, msichana mwenye wasiwasi, mgeni katika shule ya bweni, analala leo na kuamka mwaka 1918, watu wote wakimwita kwa jina la mwingine. Ni watoto wapole wote wawili. Wala haikuwa desturi ya Waingereza tangu zamani kuandika hivyo. Watoto wa E. Nesbit, katika kitabu chake cha mwaka 1906, wanakwenda Misri ya kale na Babeli kama waendao sokoni, na wanajibizana na wafalme. Vinachekesha vitabu vile, navipenda. Lakini mtoto aliyefiwa na mamake hatapata humo pa kukaa.

Hatukusema kuwa vitabu hivi havina ila. Vinazo, na ni kubwa. Ami yake Lewis ni mchawi, Bi Zimmermann ni mchawi, na wote wawili ni watu wema wenye kumpikia mtoto biskuti za chokoleti. Kuwa kuna uchawi mzuri na uchawi mbaya, hilo hatulikubali, na mzazi anayempa mtoto wake kitabu hiki ni wajibu wake amwambie waziwazi kuwa hatulikubali. Cha kustaajabisha ni kwamba wanaovilaumu vitabu hivi mara nyingi hili hawalisemi, au hulisema mwisho, kwa haraka. Linalowaudhi ni machozi ya Lewis. Uchawi wamepita juu yake kama hawakuuona.

Ila ya pili yataka maneno zaidi. Mwaka 1989 Bellairs alitoa kitabu kiitwacho The Trolley to Yesterday. Humo Johnny Dixon, rafiki yake Fergie, na profesa mmoja mzee wa historia mwenye hasira za karibu, wanapanda gari la ajabu la reli linalowarudisha nyuma mpaka Konstantinopoli ya mwaka 1453, wakati Waturuki wameuzingira mji. Profesa ana hamu ya kuwaokoa watu wa mji. Sisi tunaosoma tukiwa upande wa pili wa ukuta, kitabu hiki kinatuchoma. Mji ule ulifunguliwa tarehe 29 Mei, baada ya kuzingirwa zaidi ya siku 50, na aliyeufungua, Sultan Muhammad wa Pili, alikuwa kijana wa miaka 21. Katika kitabu kile wanaohurumiwa ni wale waliomo ndani ya kuta. Walioko nje ni jeshi na kelele.

Basi tufanyeje? Wako watakaosema kitupwe. Mimi nauliza: sisi tumeandika nini juu ya siku zile? Tumeandika, na tumemwandika Sultan kwenye farasi, na mizinga, na bendera, na takbira. Lakini nani amemwandika mtoto wa miaka kumi katika kambi ile, aliyeletwa kuwatazama ng'ombe waliokuwa wakiikokota ile mizinga mikubwa, anayeziba masikio kila unapolia, anayemkumbuka mamake, asiyejua kama kesho atakuwako? Watoto wa namna hiyo walikuwako bila shaka. Hakuna jeshi lililopita duniani bila wao. Mwandishi wetu akimshika mtoto huyo atamfanya simba tangu mstari wa kwanza, na msomaji wetu mdogo hatamwamini, atarudi kwa Johnny Dixon, kwa kuwa Johnny anaogopa kama anavyoogopa yeye. Hivyo ndivyo tunavyoupoteza mji ule mara ya pili, vitabuni. Khalid bin Walid na asomwe, na zaidi ya hapo. Lakini Khalid ni mtu mzima mwenye upanga, na mtoto aliyenyang'anywa kofia yake njiani na wenziwe hajui aanzie wapi kumfuata.

Tena, hawa wanaowacheka watoto kwa kuogopa mizuka, wao ni nani? Mwaka 1995, ilipoenea khabari ya popobawa Pemba, kisha Unguja, wanaume wazima, wenye wake na watoto na heshima zao, walikesha nje ya nyumba zao makundi makundi wakiota moto, kwa khofu ya kulala ndani. Hilo peke yake lisingekuwa neno, binadamu huogopa. Lakini wengi walitaka kuonyesha kuwa wao si waoga, ni wanaume, wakashika magongo na mapanga wakaanza kuwasaka watu, na mjini Unguja mtu mmoja asiye na kosa, mwenye ugonjwa wa akili, aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye popobawa. Hao waliompiga si watoto waliosoma vitabu vya mizuka. Ni watu wazima walioona haya kuogopa, na kila mmoja wao alilelewa kwa ile ile "mwanamume haogopi."

Na anayemtia mtoto khofu kwanza ni nani? Si Bellairs. Kabla mtoto hajajua kusoma ameshaambiwa na wa nyumbani mwake: lala, jini atakuja, nyamaza, mumiani yuko dirishani, usiende uani, zimwi. Ziko nyumba ambamo jambo hili ni kazi ya kila usiku, kwa kuwa ni nyepesi kuliko kumwimbia. Imepokewa kwamba Masahaba walikuwa safarini na Mtume, mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo yule aliyelala akaichukua, naye akashtuka kwa khofu. Mtume akakataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe. Kamba tu, na mzaha tu, na aliyetishwa ni mtu mzima, mpiganaji.

Sisi twamtisha wa miaka minne kwa mumiani anyaye damu, twamzimia taa, twamfungia mlango. Akiogopa, twamwambia wenzio hawaogopi. Kisha asubuhi, mbele ya ndugu zake wote na wageni waliolala, anaulizwa kwa sauti kubwa kwa nini amelilowesha godoro.